Heko kwa Kibanda cha Dakika 40

Mwaka 2003, ndani ya kituo cha treni cha Grand Central jijini New York, Dave Isay alifungua kibanda kidogo cha kurekodia sauti, akauita mradi wake StoryCorps. Utaratibu wake ni mwepesi. Wanaingia watu wawili wanaojuana, mama na mwanawe, mtu na mkewe, marafiki wa tangu utotoni; msimamizi anaangalia mitambo, nao kwa dakika 40 wanaulizana habari za maisha yao.

Ninachokipongeza zaidi ni huko kujuana. Mwandishi wa habari mgeni hawezi kujua kwamba baba alinyamaza miaka mingi baada ya msiba, sembuse kumuuliza sababu. Mtoto anaweza. Majumbani tunazungumza karo, chakula na magonjwa, na maswali mazito yanangoja siku isiyofika. Miadi ya kibandani huifikisha siku hiyo.

Wahusika huondoka na nakala, na wakiridhia, mazungumzo yao huhifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani. Taasisi ile ile inayotunza nyaraka za Abraham Lincoln inatunza pia sauti ya dereva wa basi! Hiyo ni heshima ya kweli. Mwaka 2005 ulianza msafara wa kibanda cha magurudumu, kikawafuata watu mikoani.

Hongera kwa Isay, na hongera kubwa zaidi kwa wasimamizi, ambao kutwa nzima huketi kimya wakisikiliza machozi na vicheko vya watu wasiowajua.