Kionjo kama Ahadi: Shabiki wa Filamu na Uhakiki wa Kisichofika Kiboko

Uhakiki wa filamu katika Afrika Mashariki umezoea kuanza pale taa za ukumbi zinapozimwa na hadithi inapoanza. Shabiki wa filamu huanza mapema zaidi. Yeye huanza na kionjo, yaani kile kipande cha dakika mbili au tatu kinachotolewa wiki au miezi kadhaa kabla ya filamu yenyewe, na juu ya kipande hicho hujenga hoja, hutoa hukumu na kubishana na wenzake. Wasomi wameelekea kuyachukulia maoni hayo kuwa ushabiki mtupu, kwa hoja kwamba mtu hawezi kuhukumu asichokiona. Makala haya yanachukua msimamo tofauti. Yanadai kwamba shabiki hahukumu filamu asiyoiona, bali anahukumu ahadi aliyokwisha kupewa. Na kwamba ahadi hiyo, kwa watazamaji walio mbali na kumbi za sinema, ndiyo matini nzima wanayoipata. Dai hili linachunguzwa kutoka Kiboko kwa sababu huko pengo kati ya ahadi na utimizaji wake si suala la nadharia peke yake.

Kiboko ni kituo kidogo kando ya barabara kuu ya Nairobi na Mombasa, katika Kaunti ya Makueni, mahali msafiri atokaye Nairobi anapopita kabla ya kuingia Makindu. Hapana jumba la sinema. Neno "trela" likitamkwa huko, msikilizaji hufikiria kwanza lori refu lielekealo bandarini, si tangazo la filamu. Kwa sababu hiyo neno "kionjo" linafaa zaidi katika mjadala huu. Kionjo humfikia mtazamaji wa Kiboko kupitia simu, siku ile ile kinapomfikia mtazamaji wa London. Filamu yenyewe haimfikii hivyo. Inataka nauli ya kwenda mjini, au malipo ya kila mwezi, au subira ya kungoja nakala ipite mikononi mwa watu. Aghalabu haifiki kabisa. Kwa hiyo yapo makundi mawili ya watazamaji wa kionjo kimoja: wale ambao kionjo kwao ni utangulizi, na wale ambao kwao ndicho mwanzo na mwisho.

Historia ya utanzu huu inasaidia kueleza hali hiyo. Kionjo cha kwanza hutajwa mara nyingi kuwa kile kilichotengenezwa na Nils Granlund, New York, mwaka 1913, ili kutangaza mchezo wa jukwaani. Mwanzoni vipande vya aina hii vilioneshwa baada ya filamu kwisha, vikiifuata kama mkia, na ndiyo asili ya jina lake la Kiingereza. Baadaye vilihamishiwa mbele. Uhamisho huo ulibadilisha kazi yake: kitu kilichokuwa kiambatisho kikawa mwaliko. Gérard Genette, katika kitabu chake *Seuils* cha mwaka 1987, ameviita vitu vinavyoizunguka matini, kama vile jina, jalada na dibaji, kuwa ni vizingiti, na kusisitiza kwamba kazi yao ni kuitumikia matini. Istilahi hiyo inafaa kionjo, lakini kwa sharti moja. Genette anachukulia kwamba nyuma ya kizingiti ipo nyumba. Kwa mtazamaji wa Kiboko, kizingiti mara nyingi husimama peke yake.

Fasihi simulizi ya Kiswahili nayo ina vizingiti vyake. Mtambaji hasemi hadithi mpaka ameita "Paukwa!" na kuitikiwa "Pakawa!"; mtega kitendawili naye hutangulia kwa kuita na kungoja aambiwe "Tega!" Fomula hizi ni mkataba. Fanani anaahidi, hadhira inakubali, na asipotimiza yupo pale pale wa kuulizwa. Kionjo hufanana na fomula hizi kwa kuwa kinaita na kuamsha hamu. Hutofautiana nazo kwa kuwa hakingoji kuitikiwa. Mwitaji yuko mbali, na ameshaondoka. Yanapotazamwa kwa jicho hili, maoni ya shabiki huonekana kuwa si porojo. Ni kiitikio kilichonyimwa nafasi yake ya kawaida, kikajitafutia nafasi nyingine.

Kiitikio hicho kina vigezo vyake, navyo vinaweza kuainishwa. Cha kwanza ni uaminifu: je, kinachoahidiwa kinaweza kutimizwa kwa nyenzo zilizopo? Cha pili ni stara: je, kionjo kimeficha kinachostahili kufichwa, au kimemwaga hadithi yote? Mtega kitendawili anayetaja jibu kabla ya kupewa mji hana wa kumsifu. Cha tatu ni makao: je, mahali panapooneshwa ni mahali kweli, penye watu na lugha yao, au ni pazia lililotundikwa nyuma ya mhusika mgeni? Vigezo viwili vya kwanza hutumiwa na mashabiki popote duniani. Cha tatu hupata uzito wa pekee pale mahali panapoahidiwa panapokuwa nyumbani kwa mtazamaji.

Uganda imetoa mfano bora wa kigezo cha kwanza. Kionjo cha *Who Killed Captain Alex?*, filamu ya Isaac Nabwana iliyotengenezwa Wakaliga, Kampala, kilisambaa kwenye intaneti kuanzia mwaka 2010, na ndicho kilichoipa filamu hiyo umaarufu nje ya nchi. Bajeti yake ilitajwa kuwa chini ya dola 200 za Marekani, na kionjo hakikujaribu kuificha hali hiyo. Helikopta zilizobandikwa kwa kompyuta na damu ya bandia vilioneshwa waziwazi, kwa kelele na kwa furaha. Mtazamaji aliahidiwa vurumai iliyotengenezwa na majirani kwa mikono yao, naye akapata vurumai hiyo hiyo. Filamu za mamilioni ya dola zimeshindwa katika mtihani huu kwa kuahidi ukubwa zisiokuwa nao.

Kigezo cha tatu ndicho kinachoirejesha hoja Kiboko, kwa kuwa kituo hiki kimo ndani ya historia ya ahadi za sinema kuliko udogo wake unavyodokeza. Hapo ndipo mwindaji J. A. Hunter, Mskoti aliyefariki mwaka 1963, alipoanzisha hoteli inayobeba jina lake. Kati ya miaka 1944 na 1946 aliua vifaru karibu 1,000 katika eneo la Makueni kwa amri ya serikali ya kikoloni. Kitabu alichoandika pamoja na Daniel P. Mannix, *African Bush Adventures*, ndicho kilichotumiwa kuwa chanzo cha *Killers of Kilimanjaro*, filamu ya mwaka 1959 iliyoongozwa na Richard Thorpe na kuigizwa na Robert Taylor. Jina lenyewe la filamu ni ahadi: wauaji na mlima. Kilichoachwa nje ya ahadi ya aina hii ni sababu. Vifaru wa Makueni hawakuuawa ili mzungu mmoja apimwe ujasiri. Waliuawa ili ardhi ifunguliwe kwa ajili ya mpango wa makazi ya Wakamba waliokuwa wamebanwa katika hifadhi iliyochoka na kumomonyoka udongo, nao walibanwa humo na sera ya ardhi ya serikali ile ile. Mnyama akabaki kwenye tangazo, mkulima akaondolewa.

Kabla ya hapo palikuwa na *Bwana Devil* ya Arch Oboler, iliyooneshwa kwa mara ya kwanza Los Angeles mnamo Novemba 26, 1952, ikiwa filamu ndefu ya kwanza ya Kimarekani ya rangi iliyotumia mbinu ya pande tatu. Ilisimulia habari za simba wala watu wa Tsavo, mbele zaidi kwenye njia ile ile ya reli inayopita Makueni, lakini sehemu kubwa ya picha zake ilipigwa California. Tangazo lake lilimwahidi mtazamaji simba mapajani na mpenzi mikononi. Wiki tano tu kabla ya onyesho hilo, Oktoba 20, 1952, hali ya hatari ilikuwa imetangazwa nchini Kenya, na miaka miwili baadaye Manyani, jirani na Tsavo, palikuwa kambi kubwa ya kizuizini. Haiwezi kudaiwa kwamba Oboler alidhamiria kuificha Kenya halisi kwa simba wake. Linaloweza kudaiwa ni kwamba tangazo lile lilipendekeza hofu ya aina moja wakati nchi iliyotajwa ilikuwa na hofu ya aina nyingine, na mtazamaji wa mbali hakuwa na njia ya kuzitofautisha.

*The Ghost and the Darkness* ya mwaka 1996 ilirudia kisa hicho, picha zake zikipigwa Afrika Kusini. Simba wake wana manyoya shingoni, ilhali wale walioko katika jumba la makumbusho la Field, Chicago, hawana. Mwindaji anayeigizwa na Michael Douglas ni wa kubuni. Hata hivyo filamu hiyo inafunguliwa na sauti ya Mwafrika, Samuel, anayemhakikishia mtazamaji kwamba hata yasiyoaminika yalitokea. Yaani shahidi wa kienyeji amepewa kazi ya kuithibitisha ahadi ambayo hakuitunga. Jambo hili halianzii Hollywood. J. H. Patterson, aliyewaua simba hao mwaka 1898, alifikia kudai kwamba walikula watu 135. Uchunguzi wa kikemia wa mabaki yao uliochapishwa mwaka 2009 ulikadiria watu wapatao 35. Watu 35 ni msiba mkubwa. Ila kwa mwenye kutangaza, msiba wa kweli haukutosha.

Inaweza kupingwa hapa kwamba shabiki wa Kiboko hufurahia simba kama shabiki yeyote, na kwamba kumvika joho la mhakiki wa ukoloni ni kumsingizia. Pingamizi hili lina ukweli. Shabiki hupenda kutishwa, hupenda nyota maarufu, na mara nyingi husamehe uongo uliopambwa vizuri. Tena kumbukumbu yake ni fupi. Kionjo cha leo hufuta cha jana. Lakini raha haiondoi ujuzi. Mtu anayejua rangi ya udongo wa Makueni wakati wa kiangazi atakitambua kilima cha kwingine, na akisema "hapa si kwetu" ametoa kauli ya kiuhakiki hata kama ataendelea kutazama kwa furaha. Kauli fupi kama hiyo hubeba kigezo cha makao kwa ukamilifu.

Hans Robert Jauss, katika mhadhara wake wa Konstanz wa mwaka 1967, alieleza kwamba kila matini hupokelewa ndani ya upeo wa matarajio, na kwamba thamani yake hupimwa kwa umbali kati ya upeo huo na kazi yenyewe. Nadharia hii inamfaa aliyeiona kazi. Kwa asiyeiona, upeo hauvunjwi wala hauthibitishwi, unabaki ukining'inia. Kosa lililomo katika kionjo halipati marekebisho ambayo pengine filamu ingeyatoa. Wakenya kwa jumla walionja hali hii mwaka 2018, pale *Rafiki* ya Wanuri Kahiu ilipopigwa marufuku mwezi Aprili. Kionjo chake kilipatikana kwenye intaneti, filamu haikupatikana, na mabishano makali yakaendeshwa juu ya dakika chache hadi Mahakama Kuu iliporuhusu ioneshwe kwa siku 7 mwezi Septemba. Kwa miezi hiyo mitano taifa zima lilikuwa Kiboko.

Mfululizo wa *Country Queen*, uliotolewa na Netflix mnamo Julai 15, 2022 katika sehemu 6, unaelekea kubadili mkataba. Mhusika mkuu, Akisa, anarudi kutoka Nairobi hadi kijiji cha kubuni cha Tsilanga, Ukambani, na kukuta kampuni ya madini inaitolea macho ardhi ya wazazi wake. Hapa mnyama si kivutio. Ardhi ndiyo kiini, na wenyeji ndio wenye kauli. Mtazamaji wa Kitui anayekumbuka mabishano juu ya makaa ya mawe ya bonde la Mui hahitaji kufafanuliwa ahadi hiyo. Lakini mkataba mpya nao una masharti. Hadithi iliyoandaliwa kwa jukwaa la kimataifa haina budi kuahidi mara mbili kwa wakati mmoja: kwa mtazamaji wa nje, mapenzi, usaliti na bunduki, kwa Mkamba, kutambuliwa. Maswali ya shabiki yataangukia mshono wa ahadi hizo mbili. Je, Kikamba kinachosikika ni cha mtu aliyelelewa humo, au kimekaririwa? Je, kijiji kina shughuli zake, au kinangoja tu kuokolewa?

Maswali hayo hayahitaji shahada, bali yanahitaji mahali. Hapa ndipo uhakiki wa kitaaluma una la kujifunza. Mhakiki msomi hungoja filamu ikamilike, kisha huandika kwa ajili ya wale walioiona. Kwa kufanya hivyo amewaacha nje watazamaji wengi ambao hawataiona, na ambao tayari wamekwisha kuambiwa, kwa picha na kwa muziki, kwao ni mahali pa namna gani. Shabiki hajawaacha. Hukumu yake inaweza kuwa ya haraka, hata ya jazba, lakini inatolewa wakati ahadi ingali ahadi, na inatolewa na yule anayeahidiwa. Idara za fasihi zilizokubali kuwa methali ya maneno matano inastahili kufundishwa haziwezi kudai kwamba kipande cha dakika mbili ni kifupi mno kuhakikiwa. Kinachobaki ni kukusanya viitikio hivyo mahali vinapotolewa, Kiboko pakiwamo, na kuvisoma kama viitikio: majibu ya hadhira iliyoitwa na mwitaji asiyengoja.