Hongera, Mzumbe
Sisi wa Mkuyuni, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, tuna sababu ya kuwapongeza jirani zetu wa upande wa pili, Chuo Kikuu Mzumbe. Mzumbe ilianza mwaka 1953 kama shule ya serikali za mitaa, ikiwafundisha machifu na madiwani, na baada ya uhuru pia mahakimu. Mwaka 1972 ikawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, na mwaka 2001 ikapanda kuwa chuo kikuu.

Ninachokisifu zaidi ni shahada zake za ualimu: moja huunganisha uchumi na hisabati, nyingine lugha na menejimenti. Huo ni mpango wenye busara. Mwalimu wa uchumi asiyejua hesabu atapata tabu kumwonyesha mwanafunzi kwa nini bei ya machungwa na ndizi hushuka mavuno yanapofurika. Na mjuzi wa hesabu asiye na lugha, maarifa yake huishia ubaoni. Sekondari zetu za vijijini zinawahitaji walimu wa namna hiyo, maana huko hisabati huogopwa na Kiingereza cha darasani huwalemea wengi.

Wahadhiri wa Mzumbe, hongereni sana. Endeleeni kutufundishia walimu; watoto wa wakulima wanawahitaji.