Sili Haikuwa na Kosa

Ndani ya mwaka mmoja na kidogo, gurudumu la mbele kushoto la Land Cruiser yangu lilibadilishwa sili mara tatu, na mara zote tatu oili ilirudi. Sili ya kwanza ilidumu miezi saba. Ya pili ilidumu minne. Ya tatu haikufikisha wiki sita. Muda ukifupika namna hiyo, ni ishara kwamba kila sili mpya inakuta ndani kitu kinachoila, na kitu hicho kinazidi kukua. Mimi nilihitaji sili tatu ili kulitambua hilo. Wenye akili zaidi yangu wangehitaji moja.

Gari lenyewe ni pikapu aina ya HZJ75 ya 1994, injini 1HZ, silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, sentimita za ujazo 4,164, dizeli isiyo na tabo. Hapa Arusha magari ya ukoo huo yako kila kona, mengine yamerefushwa mgongo ili yabebe watalii, mengine yanapeleka saruji vijijini. Kwa mtu anayependa kujitengenezea, uzuri wake uko mbele: ekseli ni bomba moja zito la chuma kutoka gurudumu hadi gurudumu, na karibu kila kilichomo kinafunguka kwa spana, nyundo na uvumilivu. Ubaya wake ni huohuo. Kwa kuwa kinafunguka kirahisi, kila mtu amewahi kukifungua.

Nieleze kwanza mle ndani kulivyo, maana kosa zima lilikuwa hapo. Difu inafanya kazi ndani ya oili. Kutoka kwenye difu shafti inapita ndani ya bomba la ekseli hadi mwisho, pale gurudumu linapogeukia kulia na kushoto. Mahali hapo nitapaita kifundo, kwa kuwa panafanya kazi ileile ya kifundo cha mguu. Ndani ya kifundo mna sivijointi yenye gololi sita, ambayo inalizungusha gurudumu hata likiwa limekatwa kona. Hiyo haitaki oili, inataka grisi nzito. Kinachotenga oili ya difu na grisi ya kifundo ni sili moja tu, mpira wenye mdomo mwembamba uliozungushiwa kispringi, unaoibana shafti pande zote. Juu na chini ya kifundo mna beringi mbili ndogo ambazo ndizo zinazobeba mgeuko wote wa usukani.

Sili ikichoka, oili ya difu inavuka na kuikoroga grisi mpaka iwe uji. Uji huo unapenya kwenye ringi ya sufi na mpira inayofuta lile bakuli la chuma nyuma ya gurudumu, unatiririka upande wa ndani wa tairi, na asubuhi unakuta doa la kijivu kwenye saruji. Mpwa wangu, ambaye alikuwa likizo na kazi yake kubwa siku hizo ilikuwa kunishikia tochi, alichovya kidole akanusa.

"Mjomba, hii si grisi. Inanuka kama kiberiti."

Alikuwa sahihi. Oili ya difu ina viungo vya salfa vya kulinda meno ya gia, na harufu yake haifichiki hata ikichanganywa na grisi. Pua ya kijana ilithibitisha kwamba uvujaji unatoka ndani kabisa. Hadi hapo tulikuwa tumefika walipofika mafundi wote waliotangulia. Wao wangetoa sili na kuweka nyingine.

Safari hii sikugusa spana. Tulipandisha gari kwa jeki, tukaweka stendi mbili chini ya ekseli, nikashika tairi juu na chini nikalitikisa. Likacheza. Si mchezo mkubwa, ila unausikia mkononi, tak, tak. Swali likawa: mchezo huo ni wa beringi za habu, zile ambazo gurudumu linazungukia, au ni wa beringi za kifundo? Kuna njia moja rahisi ya kujua ambayo haihitaji kufungua hata nati moja. Mtu akanyage breki, wewe utikise tena. Breki ikishika, diski na kifundo vinakuwa kitu kimoja, kwa hiyo mchezo wa habu unapotea. Mpwa akakanyaga. Mchezo ukabaki vilevile.

Hapo ndipo hesabu ilipoanza kukaa sawa. Ncha ya nje ya shafti imeshikwa na kifundo. Kifundo kikilegea kwenye beringi zake, kinahama kidogo, na shafti inahama nacho. Kwa jicho huwezi kuona, lakini mdomo wa sili unaona: upande mmoja unagandamizwa, upande wa pili unaachwa wazi. Sili mpya kabisa, hata ikiwa orijino, inaanza kazi ikiwa imepinda. Oili inavuka, inaosha grisi, na grisi ikishakuwa uji haikai tena kwenye beringi ya juu. Beringi inakauka, inalika zaidi, kifundo kinahama zaidi. Miezi saba, minne, wiki sita. Na ule mtikisiko wa usukani tuliokuwa tukiupata kwenye rasta za barabara ya Ziwa Natron, ambao tulikuwa tukililaumu tairi kwa ajili yake, ulitoka hapohapo.

Lakini bado kitu kimoja kilinisumbua. Upande wa kulia nao ulikuwa umeanza kulowana, na huko beringi zilikuwa hazijacheza sana. Niliingia uvunguni nikatafuta kipumulio. Juu ya bomba la ekseli kuna kikofia kidogo cha chuma, hakizidi ncha ya kidole gumba, ambacho kazi yake ni kuiachia ekseli ivute na itoe hewa. Chetu kilikuwa kimefunikwa na tope lililokauka likawa jiwe. Nilikitoa, nikakipuliza kwa mdomo. Hewa haikupita hata chembe.

Watu hudharau kikofia hiki, kwa hiyo niweke hesabu yake hapa. Hewa iliyofungiwa kwenye ekseli ikitoka nyuzi 25 za Selsiasi hadi 80, joto ambalo difu inaweza kulifikia kwenye mwendo mrefu, shinikizo lake hupanda kwa karibu asilimia 18. Sili ya mdomo haikuundwa kuzuia msukumo wa namna hiyo. Inaachia, na oili inasukumwa nje taratibu kila safari. Kisha unafika mtoni na ekseli ikiwa ya moto, unaingia kwenye maji ya baridi, hewa inasinyaa ghafla, na sasa ekseli inanyonya badala ya kusukuma. Inanyonya nini? Kilichoko karibu. Wanaovuka mito na kukuta oili ya difu imekuwa rangi ya chai ya maziwa wamekwishapata jibu.

Basi tukawa na wakosaji wawili, beringi zilizolika na kikofia kilichoziba. Sili ilikuwa ikiumia tu katikati yao.

Kufungua kwenyewe nitakupitia haraka, isipokuwa pale penye mtego. Loki ya friwili, ile inayounganisha shafti na habu, ilitoka bila ubishi, ila washa za koni zinazobana kwenye stadi zake hazivutwi. Unagonga kando yake kwa kipande cha shaba mpaka ziruke zenyewe. Kalipa tuliifunga kwa waya kwenye springi, kwa sababu kuiacha ining'inie kwenye mpira wa breki ni kuharibu mpira. Halafu tukafika kwenye nati mbili kubwa za habu, milimita 54. Zetu zilikuwa na makovu ya patasi pande zote. Fundi aliyetangulia alizigonga kwa patasi na nyundo kuzifungua, na bila shaka alizigonga vilevile kuzifunga, maana yake hakuna aliyewahi kupima zimekaza kiasi gani. Boksi ya 54 inapatikana kwenye maduka ya spea, na mtu mwenye gari la aina hii asipokuwa nayo ni kama mwenye nyumba asiye na ufunguo.

Tulipogonga spindo, ule mhimili unaobeba habu, ikaachia, uji wote ukamwagika kwenye beseni. Beringi ya juu ya kifundo ilitoka kavu, nyekundu kwa kutu. Lakini ushahidi mzuri zaidi ulikuwa kwenye vikombe vyake. Beringi hizi hazizunguki duara zima. Zinayumba tu kidogo, kulia na kushoto, na kwa kuwa muda mwingi gari linakwenda moja kwa moja, roli zake zinapigiliwa mahali palepale. Nilipitisha ukucha ndani ya kikombe nikahesabu mifereji, mmoja baada ya mwingine, kama meno ya kitana. Ndiyo maana usukani ulikuwa ukinasa katikati. Nilikuwa nimeuzoea nikadhani ni uzee wa gari.

Sasa mtego wenyewe, ambao naamini ndio uliowashinda wengine. Kati ya kifundo na vifuniko vya beringi kuna shimu, vipande vyembamba vya chuma vya milimita 0.1, 0.2, 0.5 na 1.0. Jumla ya shimu za juu na chini ndiyo inayoamua beringi zibanwe kiasi gani. Ukipunguza, zinabanwa zaidi. Mgawanyo wake, ngapi juu na ngapi chini, ndio unaoamua shafti ipite katikati ya sili au isipite. Fundi anayezimwaga zote kwenye kopo moja na kuzirudisha kwa kukisia anaweza kupata mkazo sahihi na bado akaiua sili. Sisi tulizifunga kwa uzi, kila upande na jina lake, JUU KUSHOTO, CHINI KUSHOTO, zikarudi zilikotoka.

Mkazo tuliupima kwa mizani ya ndoano, ileile ya kupimia samaki sokoni. Kabla ya kurudisha shafti na ile ringi ya sufi, ambazo zinaongeza uzito wa bure, unaingiza ndoano kwenye tundu la mkono wa usukani, unavuta kwa pembe mraba, unasoma kifundo kinapoanza kugeuka. Kwa beringi zilizochoka mizani ilikuwa haijafika hata kilo moja. Kwa beringi mpya na shimu zilezile ilisoma kilo 4 na ushei, ndani ya kiwango cha kitabu cha matengenezo. Sikuhitaji kubadilisha shimu hata moja. Kwa maneno mengine, kiwanda kilishaipima ekseli hii, na kwa miaka 30 alichotakiwa mtu kufanya ni kuweka beringi mpya tu.

Sili tuliingiza kwa kipande cha bomba kinacholingana nayo, upande wa kispringi ukielekea difu, mdomo umepakwa grisi. Kabla ya hapo nilikagua shafti pale sili inapoipanda. Kulikuwa na mfereji mdogo, ukucha unanasa. Badala ya kununua shafti, niliiacha sili ikae milimita moja hivi nje zaidi ili mdomo uangukie kwenye chuma kizima. Kuirudisha shafti ni kazi ya watu wawili: mmoja anaibeba uzito wote, wa pili anaiongoza, kwa kuwa ukiiacha ilalie mdomo wa sili hata mara moja, umeikata kabla haijaanza kazi. Mpwa aliibeba huku jasho likimtoka puani. Nashuku sili ya tatu ilianza kufa hapa, siku ileile ilipowekwa.

Kifundo tulikijaza grisi ya molibidenamu karibu robo tatu. Difu ilidai karibu nusu lita ya oili kufika kwenye usawa wake. Upande wa kulia tuliurudia wote siku ya pili, na ulichukua nusu ya muda.

Kikofia cha kipumulio sikukirudisha. Mahali pake nilifunga kichwa cha mpira, nikapandisha mpira hadi juu ndani ya boneti, karibu na betri, ambako maji hayafiki kirahisi. Mwisho wa mpira nikauacha wazi, na hilo lilikuwa kosa langu mwenyewe: baada ya wiki tatu nilikuta nyigu wa tope wameanza kujenga humo. Nikachomeka chujio dogo la petroli.

Na jambo moja ambalo nilikuwa nikilifanya kinyume miaka yote. Kwa kuogopa gari lisile dizeli nyingi nilikuwa nafungua loki za friwili zikae wazi miezi na miezi. Zikiwa wazi, shafti za mbele hazizunguki, oili haipandi kwenye mdomo wa sili, na mpira unakauka ukiwa umesimama. Toyota wenyewe wanashauri gari liendeshwe kwa magurudumu manne angalau kilomita 16 kila mwezi. Sasa Jumapili moja ya kila mwezi nafunga loki, natafuta barabara ya vumbi, naenda hadi ng'ambo ya kijiji na kurudi.

Tumeshakwenda Natron mara mbili tangu hapo. Kila tukisimama mpwa anashuka kushika habu kama kuna joto, kisha anapitisha kidole kwenye bakuli la chuma. Kidole kinatoka na utando mwembamba wa grisi nyeusi, jambo ambalo ndilo linalotakiwa, kisha anakinusa.

"Bado hainuki, mjomba."

Chujio tu ndilo limegeuka rangi ya udongo.