Taka, Mjumbe, Kiriba: Istiari katika Maelezo ya Vifuko vya Seli

Sayansi hupenda kujidai kwamba haina istiari. Habari za vifuko vidogo mno vitolewavyo na seli zaonyesha vingine. Mwaka 1967 Peter Wolf aliviita vumbi la chembe zigandishazo damu. Na vumbi, kama ajuavyo kila mwenye ufagio, ni kitu cha kuondolewa. Mwaka 1983 Rose Johnstone na mwenzake Pan, huko Montreal, waliona seli changa za damu ya kondoo zikitoa nje, ndani ya vifuko hivyo, protini zisizohitajika tena. Johnstone alivipa jina la eksosomu mwaka 1987, lakini kwa miaka mingi wengi waliendelea kuviona kuwa takataka tu.

Mwaka 2007 watafiti wa Gothenburg walipoonyesha kwamba vifuko hivyo huchukua RNA kutoka seli moja hadi nyingine, istiari ilipinduka: taka ikawa mjumbe. Mwaka 2011 wenzao wa Oxford walitumia vifuko vya seli za kinga za panya, vilivyotiwa protini ya kuvielekeza, kupeleka RNA ya tiba hadi ubongoni mwa panya, mahali ambapo dawa nyingi huzuiwa zisiingie. Kazi hiyo yastahili heshima. Lakini mjumbe hutumwa, hujua njia, tena hufika. Ilhali vifuko vingi vidungwavyo mshipani huishia katika ini na bandama. Na ahadi iliyomo katika neno ina wanunuzi: mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani ililazimika kuuonya umma juu ya bidhaa za eksosomu zisizoidhinishwa.

Mfasiri wa Kiswahili, basi, hachagui lebo tu. "Kifuko" ni salama, ila chaweza kuwa hata cha karatasi. "Lengelenge" lafaa kwa umbo, lakini lanuka maradhi. Lifaalo kufikiriwa ni "kiriba". Kiriba hutengenezwa kwa ngozi ya mnyama, kama vile kifuko hiki kifanywavyo kwa utando wa seli iliyokizaa. Na asili hiyo ndiyo iwapayo watafiti tumaini kuliko vitone vya mafuta vitengenezwavyo maabarani. Tena kiriba hakidai kujua njia. Upungufu wake ni kwamba kiriba humiminwa, ilhali kifuko humezwa na seli ikipokeayo au huungana na utando wake. Hilo mwandishi wa kitabu cha kiada atalazimika kulieleza katika sentensi ya pili.