Zau Kanikamata: Gemu Hii Naimaliza

Jamani, jamani! Naandika haya mikono bado inatetemeka kwa kubana pedi. Ndiyo kwanza nimeanza Tales of Kenzera: ZAU. Nimeparamia milima, nimeruka mashimo ya miiba, nimekumbana na Impundulu, yule ndege wa radi, akanitwanga mpaka nikaomba maji, nikarudi tena nikiwa nacheka peke yangu. Msitarajie tathmini ya mtu aliyetulia. Nimepagawa, na sitaki kupoa kabla sijawaambia.

Kisa ni hiki. Zau ni mganga kijana aliyefiwa na baba yake, na msiba umemshinda kumeza. Wengine wangelia, wangeanua matanga, wangerudi shambani. Yeye anamwita Kalunga, mungu wa mauti, na kumwekea mapatano: kuna mizimu mikubwa mitatu iliyokataa kuondoka duniani, nitakuletea yote, nawe unirudishie Baba. Na Kalunga anakubali! Nilidhani atakuwa jitu la moshi na pembe. Kumbe ni mzee mtaratibu, anatembea na kijana, anamsikiliza, anamkanya pale hasira inapomzidi. Hebu fikiria, mauti yenyewe ndiyo mlezi wako safarini. Nimecheza gemu nyingi za kuua miungu, lakini mungu wa mauti mwenye subira kama ya babu sijawahi kumwona.

Tena hadithi hiyo imo ndani ya hadithi nyingine. Zuberi, kijana wa mji wa siku zijazo uitwao Amani, naye amefiwa na baba, na safari ya Zau ndiyo hadithi aliyoachiwa na marehemu. Kwa hiyo tangu mwanzo unajua kwamba kuna baba aliyeyaandika haya yote akimwazia mwanawe.

Aliyeitunga gemu yenyewe anajua anachokisema. Abubakar Salim ni mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya. Wachezaji wengi walimsikia kwanza mwaka 2017 akiwa sauti ya Bayek katika Assassin's Creed Origins. Baba yake alifariki kwa saratani, naye huzuni hiyo akaijengea gemu, akaanzisha na studio ya kuitengeneza, Surgent Studios. Desemba 2023 alisimama jukwaani kwenye The Game Awards akamzungumzia baba yake mbele ya ukumbi uliojaa watu waliokuja kutazama milipuko na magari. Gemu ikatoka tarehe 23 Aprili 2024. Najua wapo watakaoguna: mbona imechapishwa na kampuni kubwa ya EA, uhuru uko wapi? Mimi naangalia nani ameshika kalamu. Hakuna kamati ya masoko ambayo ingekaa mezani ikaja na wazo la kumpa mfiwa Kalunga awe mwenziwe wa safari.

Sasa uchezaji wenyewe, maana huko ndiko nilikoruka kitini! Zau ana vinyago viwili. Kinyago cha Jua ni cha karibu: moto, mapigo ya haraka, adui anarushwa juu kabla hajajua kimempata nini. Kinyago cha Mwezi ni cha mbali: unasimama kando na kuwamiminia vipande vya mwanga wa buluu. Kuvibadilisha ni kubonyeza kitufe kimoja tu, hata ukiwa hewani, na ukishazoea mkono unakwenda wenyewe: Jua, Jua, ruka, Mwezi, chomoka, Jua. Utadhani uko ngomani. Halafu unapewa uwezo wa kugandisha maji, na lile poromoko lililokuzuia linakuwa ukuta wa barafu wa kuukwea. Ni gemu ya kutazamwa ubavuni, yenye ramani ya kufunguka kidogo kidogo, ya ukoo ule wa Metroid na Castlevania. Rangi zake zinaungua, na muziki wa Nainita Desai unapanda pamoja na mapigo ya moyo wako.

Lakini vinyago peke yake visingenifanya niape kuimaliza. Mimi ni hodari wa kuanza gemu na kuziacha njiani. Gemu kubwa za dola 70 zinanipa kazi mia za kufanya na neno moja tu la kuniambia, tena neno lenyewe nimelisikia saa ya kwanza. Hata Hollow Knight, ambayo naiheshimu kupita kiasi, ilinipoteza chini ya ardhi wiki nzima nikasahau nilichokuwa natafuta. Gemu ndogo hudumu kichwani pale unachofanya kwa vidole na kile inachokueleza vinapokuwa kitu kimoja. Celeste, mwaka 2018, ilifanya hivyo: mlima mgumu na msichana anayepambana na wasiwasi wake, kila kuanguka na kujaribu tena kukawa ndiyo hadithi yenyewe.

Kenzera inafanya hivyo chini ya mbuyu. Kwingineko, ukitaka mstari wako wa uhai urefuke, unafungua sanduku na kuokota moyo. Hapa unautafuta mbuyu, Zau anaketi, anaweka silaha chini, anazungumza na Kalunga juu ya baba yake: anachokikosa, kinachomuudhi, alichonyamaza nacho. Akimaliza kusema, uhai wake umeongezeka. Basi! Hakuna maelezo wala kibao cha mafunzo. Kwetu pwani mbuyu usiku watu huupitia mbali wakihofia walio ndani yake. Hapa ndipo mahali pekee ambapo mfiwa anaruhusiwa kukaa na kusema. Nilipoukuta wa pili niliacha maadui wote nyuma nikaukimbilia, na sikuwa naufuata uhai tu. Nilitaka kusikia atasema nini safari hii.

Kasoro? Zipo. Miiba inaua papo hapo, na kuna kona ambapo unarudishwa nyuma mpaka unatamani kumtafuta aliyeichora. Maadui wadogo wanajirudia mapema mno. Nina pia mnong'ono mmoja wa kisomi: gemu inatangazwa kuwa ya visasili vya Kibantu, na Impundulu kweli anatoka kwa Wazulu na Waxhosa, lakini GaGorib, mzimu mwingine kati ya ile mitatu, ni wa Wakhoikhoi, ambao si Wabantu. Haijanipunguzia raha hata chembe, ila wangewataja wenyewe kwa jina lao.

Ni fupi pia, asante Mungu. Kwa wengi inamalizika kwa saa nane hivi, na ilipotoka iliuzwa dola 19.99, kwa PlayStation 5, Xbox Series X|S, Nintendo Switch na kompyuta. BAFTA nao waliituza mwaka 2025, katika kundi la gemu zinazovuka burudani. Sishangai.

Na jambo moja la mwisho, msikilize vizuri: gemu hii ina sauti kamili za Kiswahili. Si maandishi ya chini ya kioo tu, ni waigizaji wanaozungumza. Ukiinunua, au ukiazima mashine ya jirani kama wengi wetu, usibonyeze kuanza kwanza. Ingia kwenye mipangilio, badilisha lugha ya sauti, vaa spika za masikio, kisha ndipo umwache Zau afungue mdomo.