Kuzamia Bila Meli

Mwaka wangu wa kwanza Cape Town, kinyozi mmoja wa Temeke aliniuliza kwa nini nataka kunyolewa kipara. Nikamwambia nywele zinanisumbua, kesho alfajiri nakwenda kuzamia. Akazima mashine. Akatupa jicho mlangoni, akaniinamia sikioni: "Mdogo wangu, meli ya wapi?"

Nilichelewa kumwelewa. Kwa vijana wetu wa bandarini, kuzamia ni kujificha ndani ya meli na kuibukia nchi ya watu, na mji ule una wazamiaji wa namna hiyo wa kutosha. Kama yeye mwenyewe alifika hivyo sikumuuliza, wala hakusema, lakini alikwishaanza kunielekeza maji ya kunywa nibebe kiasi gani. Nilipomfafanulia kwamba nazamia baharini, kwa pumzi yangu, na bunduki ya mkuki mkononi, alicheka mpaka akashika kiti. Kisha akaacha kucheka. "Kwenye maji yale, kaka? Kwa hiari yako?"

Siku ile nilikosa la kumjibu. Haya ndiyo ningemwambia.

Kuogopa alikuwa na haki. Mimi ni mtoto wa Tanga, nimejifunza kupiga mbizi Raskazone, kwenye maji ambayo ukiingia husikii tofauti kubwa na hewa uliyotoka. Cape Town, upande wa Atlantiki, maji ya mwezi Januari huweza kuwa nyuzi 10 za Selsiasi. Naam, Januari, kiangazi, jua likichoma mabega ya watalii pale Clifton. Sababu ni upepo. Kiangazi huvuma upepo wa kusini-mashariki, kusi ya huko, ingawa haina uhusiano na kusi yetu ya majahazi. Ukivuma siku kadhaa mfululizo huyasukuma maji ya juu yaende mbali na pwani, na pengo lile hujazwa na maji yanayopanda kutoka chini, baridi, mazito kwa rutuba. Kipupwe upepo huo ukipungua, maji hupata nafuu kidogo. Kwa hiyo mzamiaji wa huko hutazama bendera kwanza, joto la mchana halimwambii kitu.

Baridi hiyo ndiyo mbolea ya msitu. Nasema msitu kwa sababu sina neno lingine: mwani wenye mashina marefu kuliko minazi michanga, mengine yanapita mita kumi, yameshika mwamba chini na kuelekea juu kwenye nuru. Kila shina ni bomba lenye gesi ndani, na kileleni lina kibuyu kinacholiinua. Maji yakivuta, msitu wote unainama upande mmoja. Yakirudi, unarudi nao. Craig Foster alipopiga filamu ya rafiki yake pweza, ile iliyopata Oscar mwaka 2021, ilikuwa ndani ya msitu wa aina hii huko False Bay, naye akizamia bila vazi la kukinga baridi. Tangu hapo naona watu wengi kidogo wakiingia kifua wazi asubuhi na kutoka na midomo ya zambarau. Nawaheshimu. Mimi navaa.

Kuvaa kwenyewe ni nusu ya ufundi, na aliyenifundisha ni mvuvi mstaafu wa Kalk Bay ninayemwita Oom, kama wanavyoita wazee huko. Ni neno lenye uzito wa "mjomba" tunavyolitumia pwani. Suti ni ya mpira mzito, milimita 7, vipande viwili, bila zipu. Upande wa ndani mpira uko wazi, haukufunikwa kitambaa, nao hunata kwenye ngozi kama gundi. Ukiulazimisha mkavu utauchana. Oom huja na chupa ya chai yenye maji ya moto yaliyokorogwa na sabuni ya nywele, anayamimina ndani ya suti, anaitikisa, halafu anateleza ndani yake kama mkunga anayerudi pangoni. Ana miaka sabini na kitu. Mimi bado napigana na mkono mmoja, yeye amekaa juu ya jiwe anakunywa kilichobaki kwenye chupa ya pili, ile ya chai ya kweli. Siku moja alizikosea, lakini hayo tuyaache.

Halafu risasi. Mpira ule umejaa viputo vidogo vya hewa, ndivyo vinavyozuia baridi, na ndivyo vinavyokufanya uelee kama boya. Ili uzame inabidi ujifunge mshipi wa vipande vya risasi. Hapa ndipo maji baridi yanapokuwa hatari kwa namna ambayo Raskazone sikuijua. Ukifika mita 10, shinikizo limekuwa maradufu ya lile la juu. Viputo vimebanwa, mapafu yamebaki nusu ya ukubwa wake, na wewe uliyekuwa unaelea sasa unashuka bila kupiga pezi. Suti nzito hudai risasi nyingi, na risasi nyingi hudai malipo wakati wa kupanda. Kanuni ya Oom ni hii: juu ya maji, toa pumzi yote, ukiona bado unaelea, mshipi wako ni halali. Ukizama, vua kipande kimoja, usibishane.

Kabla ya mbizi ya kwanza Oom huvua miwani, akalaza uso wake mtupu ndani ya maji dakika nzima. Mara ya kwanza nilidhani anasali. Kumbe anaubishia hodi mwili. Ngozi ya uso, hasa kuzunguka macho na pua, ikiguswa na maji baridi huku pumzi imebanwa, moyo hupunguza mwendo. Damu hujiondoa mikononi na miguuni ikakusanyika kifuani na kichwani. Bandama hujikamua na kutoa akiba yake ya chembe nyekundu. Kadiri maji yalivyo baridi ndivyo jibu linavyokuwa na nguvu. Sili wanalo, nyangumi wanalo, na mtoto wa Tanga analo. Zamani wataalamu walikadiria kwamba kifua cha binadamu kingepondwa kabla hajafika mbali; mwaka 1976 Mfaransa Jacques Mayol alifika mita 100 karibu na kisiwa cha Elba na kurudi. Sisi wa mwani hatuhitaji kina hicho. Pima tano, sita, zinatosha kabisa. Samaki wako huko.

Sasa niseme kile ambacho kinyozi wangu asingeamini. Ile kiu ya hewa inayokushika chini, kifua kinachoruka, kiwambo kinachojikunja chenyewe, koo linalotaka kufunguka, haitokani na kuishiwa oksijeni. Ni kabonidioksaidi inayojikusanya. King'ora hulia mapema sana, wakati ghala bado lina akiba. Mwanafunzi hukisikia akadhani anakufa, akakimbilia juu na samaki wote wametawanyika. Fundi hukisikia akakitambua, kama mtu anayetambua sauti ya jirani mlevi usiku. Baridi huongeza kelele: inakutaka utetemeke, uvute pumzi fupifupi, utoke. Miezi yangu sita ya kwanza ilikuwa ni kujifunza kulala kifudifudi juu ya mwamba, mkono mmoja umeshika shina la mwani, nikimsikiliza mlevi yule bila kumfungulia mlango.

Kosa langu likawa kudhani kwamba, kwa kuwa king'ora husema uongo, kikinyamaza kinasema kweli.

Nilisoma mahali kwamba ukivuta pumzi nyingi za nguvu kabla ya kuzama utakaa muda mrefu zaidi. Ni kweli, utakaa. Nikavuta ishirini, Oom akiwa amegeukia boya. Nikashuka, na sijawahi kuona chini pazuri namna ile. Hakuna kiu, hakuna kifua kuruka. Nilikaa, nikaangalia konokono wakitambaa, nikaona nimekuwa fundi. Nikaanza kupanda kwa raha zangu. Ninachokumbuka baada ya hapo ni makofi ya mashavu, na sauti ya Oom ikiniamuru nipumue, na harufu ya mwani iliyokuwa kali kuliko kawaida. Zile pumzi ishirini hazikuniongezea oksijeni ya maana. Zilifukuza kabonidioksaidi, yaani zilimfunga mdomo mlinzi. Na wakati wa kupanda, shinikizo linapopungua, oksijeni kidogo iliyobaki kwenye mapafu hupoteza nguvu ya kuingia kwenye damu, kwa hiyo mtu huzimika kwenye mita za mwisho, akiliona jua. Hakuna maumivu. Hilo ndilo lililonitisha baadaye: hakukuwa na hata chembe ya onyo.

Oom hakunigombeza. Alinipeleka ufukweni, akanivua mshipi, akaniambia nisimguse samaki mwezi mzima. Nizame tu na nimtazame yeye. Nikafanya hivyo.

Katika mwezi huo ndipo nilipoanza kusoma habari za haenyeo, wanawake wa kisiwa cha Jeju, Korea Kusini. Hao ndio maulamaa wa fani hii. Huchuma konokono wa bahari, urchini na mwani kwa pumzi zao wenyewe, bila mitungi, na wengi wao leo wamepita umri wa miaka 60. Mpaka kwenye miaka ya 1970, suti za mpira zilipowafikia, walizama na nguo za pamba, kipupwe pia. Wanasayansi waliowapima miaka ya 1960 walikuta kwamba wakati wa baridi miili yao ilichoma chakula kwa kasi kubwa zaidi hata wakiwa wamepumzika, kama jiko lililoongezewa kuni. Mwaka 2016 UNESCO iliuorodhesha utamaduni wao katika urithi wa binadamu. Hayo ni mazuri, lakini mimi nilivutwa na vitu viwili vidogo. Wakiibuka hutoa pumzi kwa mluzi mrefu mwembamba, sumbisori, na wenzao waliotapakaa majini huusikia. Na wana neno, mulsum, "pumzi ya maji": ile unayoivuta chini kwa sababu uliona konokono mmoja zaidi wakati ulikuwa umekwishaamua kupanda. Watu wenye neno kwa jambo hilo wamezika wengi.

Mwezi wangu ulipokwisha Oom alinirudishia bunduki. Ni kitu rahisi kuliko jina lake: mti mrefu, mipira miwili, mshale wa chuma uliofungwa kamba. Nguvu yake huishia mita mbili, tatu. Kwa hiyo humfuati samaki, maana hutamfikia. Unalala ukawa sehemu ya mwamba, na udadisi unamleta. Sheria ya Afrika Kusini inakataza kuwinda kwa mkuki ukiwa na mtungi wa hewa, na naiona ni sheria ya haki: samaki anadaiwa angalau pumzi yako.

Alfajiri moja, pima nne, akaja roman. Ni samaki wa miamba wa ukoo wa changu, mwekundu, mwenye utando mweupe nyuma ya kichwa kama shali iliyoteleza. Chini pale hakuwa mwekundu. Maji hula rangi nyekundu kabla ya nyingine zote, na kwenye kina hicho alikuwa wa kahawia kama chungu cha udongo. Alikuja ubavuni, akasimama, akanikodolea jicho moja. Mkubwa. Kifua kilianza kuruka. Nikamweka kwenye shabaha.

Lakini maji hukuza vitu kwa theluthi. Samaki wa sentimita 24 huonekana wa 32, na roman halali ni wa 30 kwenda juu. Oom alichonga alama mbili karibu na mdomo wa bunduki, sentimita 30 kati yake, kwa kuwa alama nazo hukuzwa na maji yaleyale. Nikaisogeza taratibu. Alizipita alama zote mbili, kwa mapana. Halali kabisa.

Na kwa kuwa alikuwa mkubwa kiasi kile, alikuwa dume. Roman wote huanza maisha wakiwa majike. Wale wanaoishi wakakua sana ndio hugeuka. Dume mmoja hushika kipande chake cha mwamba, na majike kadhaa huishi humo. Nilikuwa nimelenga shingo ya mwenye nyumba, ambaye miaka michache nyuma alikuwa mmoja wa wake. Mlevi alikuwa anagonga mlango kwa mateke sasa. Sijui niseme nilihesabu au niliogopa. Niliachia shina la mwani, nikapanda.

Oom alikuwa juu, karibu kiasi cha kunyoosha mkono. Hakuitazama bunduki wala hakuuliza kilichotokea chini. Alinitazama midomo, kisha macho, kisha midomo tena. Nilivuta pumzi, nikaibana kidogo, nikaiachia, nikavuta nyingine. Nikamwonyesha ishara ya kidole kwamba niko sawa, nikamwambia kwa mdomo pia. Hakuitikia. Oksijeni ya pumzi ya kwanza huchukua sekunde kadhaa kufika kichwani, na mtu huweza kutabasamu, akasema niko sawa, na kuzimika katikati ya neno. Kwa hiyo alikuwa anahesabu kwa Kiafrikana, kwa sauti ya chini, kama anavyofanya kila nikiibuka, mpaka thelathini. Alipofika akavuta miwani yake machoni, akalaza uso majini, na zamu ya kuhesabu ikawa yangu.