Kutoka Kupona hadi Kujikubali: Tawasifu za Temple Grandin na Swali la Jina katika Kiswahili

Tawasifu ya mtu mwenye usonji huibua swali ambalo uhakiki hauwezi kulikwepa: usonji una nafasi gani katika nafsi ya msimulizi? Temple Grandin, mtaalamu wa Marekani wa sayansi ya wanyama aliyezaliwa mwaka 1947, amelijibu mara mbili. Katika Emergence: Labeled Autistic (1986), aliyoiandika na Margaret Scariano, maisha yanasimuliwa kama safari ya kutoka: mtoto aliyechelewa kusema anavuka mlango baada ya mlango hadi kuufikia ulimwengu wa wengine. Katika Thinking in Pictures (1995) msuko huo unavunjika. Kufikiri kwa picha si kizuizi kilichovukwa tena, bali ndiko kunakomwezesha kubuni mazizi na kutambua kinachomtisha ng'ombe njiani. Usonji umekuwa sehemu ya msimulizi mwenyewe.

Hatua hiyo ni kubwa, lakini ina dosari. Kujikubali kwa Grandin kumeegemea mno manufaa ya kipawa chake. Asiyesema na asiye na kazi hajioni humo. Jim Sinclair, ambaye naye ana usonji, alikwenda mbali zaidi katika insha yake ya mwaka 1993, Don't Mourn for Us. Aliwaeleza wazazi kwamba nyuma ya usonji hakuna mtoto mwingine aliyefichwa; kumlilia mtoto huyo wa kuwazika ni kumkosa aliye hai. Hoja hii haidai cheti wala ajira.

Hapo ndipo Kiswahili kinapohusika. Semi kama 'mgonjwa wa usonji' na 'anayesumbuliwa na usonji' zinamrudisha mtoto katika msuko wa 1986: ana adha ya kuondolewa. 'Mwenye usonji' ina staha zaidi, ingawa haimalizi mjadala. Kivumishi -enye humhusisha mtu na mali yake, kama 'mwenye duka', au na sifa yake, kama 'mwenye busara'. Sarufi inaruhusu fasiri zote mbili. Matumizi ndiyo yanayoamua.

Uzoefu wa Tanzania unaonyesha kwamba jibu si moja. Viziwi wamelishika jina lao hata katika chama chao, Chama cha Viziwi Tanzania (CHAVITA). Kinyume chake, neno 'zeruzeru' limekataliwa, na 'watu wenye ualbino' ndiyo istilahi inayopendelewa. Jamii mbili, miundo miwili. Kinachozifanana ni haki ya wahusika kujiita.

Kwa hiyo, waundaji wa istilahi na washauri wa sera wasikimbilie kusanifisha jina kabla ya kuwasikiliza watu wazima wenye usonji wanaozungumza Kiswahili, wakiwemo wanaowasiliana bila sauti. Fomu ya shule humtaja mtoto kabla yeye hajajitaja. Ikimwita mgonjwa, atalazimika kuanza tawasifu yake kwa kukanusha.